Jenereta, inveta au sola: uchague kipi Arusha na Moshi iwapo gridi itazimika kwa siku kadhaa?

Mwenye nyumba Njiro au mwenye duka Mbuyuni anayetafuta umeme wa akiba ana njia tatu za kweli mbele yake: jenereta, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kutumia nyumbani) yenye betri zinazochajiwa na umeme wa TANESCO, na sola yenye betri. Kila njia ina watetezi wake, na wengi wao ndio hao hao wanaoiuza. Hapa nazipima zote tatu kwa kukatika kwa umeme tulikokuzoea, halafu kwa jaribio gumu zaidi ambalo dukani halitajwi: dhoruba ya jua inayoiangusha gridi kwa siku kadhaa mfululizo.

Dhoruba ya jua inafanyaje kazi yake

Mara kwa mara Jua hutupa angani wingu kubwa la chembe zenye chaji, likiwa limebeba sumaku yake. Likielekea kwetu, kwa kawaida hufika baada ya siku moja hadi tatu, na yale ya kasi kubwa huweza kufika chini ya saa 20. Likiigonga sumaku ya dunia, sumaku hiyo hutikisika, na mtikisiko huo huzalisha umeme kwenye kila kitu kirefu kinachopitisha umeme: ardhi yenyewe, mabomba, na hasa nyaya za msongo mkubwa.

Umeme huo hupanda kutoka ardhini kupitia waya wa ethi wa transfoma kubwa, husafiri mamia ya kilomita juu ya minara, kisha hushukia kwenye transfoma nyingine. Hapo ndipo balaa huanza. Transfoma za gridi yetu zimeundwa kwa umeme unaokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Huu unaotoka ardhini hubadilika taratibu, kwa dakika nzima nzima. Kiini cha chuma cha transfoma hushiba sumaku upande mmoja, hunguruma, hupata joto mahali pasipotakiwa, na kuuchafua umeme unaopita. Vifaa vya ulinzi vikihisi uchafu huo huanza kukata njia, moja baada ya nyingine.

Machi 13, 1989, gridi ya jimbo la Quebec nchini Kanada ilianguka ndani ya dakika moja na nusu hivi, na watu milioni 6 wakakaa bila umeme kwa takribani saa 9. Oktoba 2003 mji wa Malmö, Sweden, ulizimika kwa muda, na katika miezi iliyofuata transfoma kadhaa kubwa za Afrika Kusini zilikutwa zimeharibika. Mei 2024 ilikuja dhoruba ya daraja la G5, la juu kabisa, ya kwanza kufikia daraja hilo tangu 2003. Safari hii waendesha gridi walikuwa wametahadharishwa mapema, wakajipanga, na gridi kubwa za dunia zikasimama imara.

Sisi je? Kuwa karibu na ikweta ni nafuu ya kweli. Mitikisiko mikali zaidi hutokea kuelekea ncha za dunia, na sina sababu ya kumtisha mtu wa Tengeru kana kwamba anaishi Kanada. Lakini nyaya zetu zinarefuka. Njia ya kilovoti 400 kutoka Singida hadi Isinya, Kenya, inayopita Arusha na Namanga, ina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na imeiunganisha gridi yetu na ya jirani. Machi 2025 Rais Samia alieleza kwamba kanda ya kaskazini itapata umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa umeme unaosafirishwa kutoka mbali kusini hupotea mwingi njiani. Siku za kawaida muungano huo ni msaada mkubwa. Siku mbaya, hitilafu ya jirani inaweza kuwa yetu pia. Na hata bila dhoruba yoyote ya jua, Kenya ilizimika karibu nchi nzima Agosti 25, 2023, na Gridi ya Taifa ya Tanzania ikapata hitilafu kubwa Aprili 1, 2024.

Kuna hofu mbili za kuondoa kabla ya kununua chochote. Dhoruba ya jua haitaunguza friji yako, kwa sababu nyaya za nyumba ni fupi mno kukusanya umeme huo. Kinachoua friji ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, na hilo linazuiwa na friji gadi au na mkono wako mwenyewe ukichomoa plagi. Wala paneli za sola zilizo juu ya bati hazidhuriki, kwa sababu anga la dunia huzuia chembe hizo zisitufikie. Kinachotishia nyumba yako ni muda. Transfoma kubwa ya kituo cha kupoza umeme haipatikani dukani. Huagizwa, huundwa na kusafirishwa, na kazi hiyo inaweza kupita mwaka. Zikiharibika chache tu, umeme utakaobaki utagawanywa kwa zamu.

Vigezo

Kila njia naipima kwa maswali haya. Itakubeba kwa muda gani gridi ikiwa imezimika? Inaweza mzigo gani? Inagharimu vipi, siku ya kununua na siku zote baadaye? Inategemea kitu gani kingine ambacho nacho kinaweza kukosekana? Ina hatari na kero gani? Na swali moja ambalo kukatika kwa kawaida hakuna: ukipewa tahadhari ya siku moja, utaifaidi vipi? Kwa dhoruba za jua tahadhari hutolewa kweli, kwenye mizani ya G1 hadi G5, na mamlaka ya hali ya hewa ya Marekani, NOAA, kupitia kituo chake cha Boulder, Colorado. Yeyote mwenye simu anaweza kuisoma.

Jenereta

*Muda.* Jenereta ndogo ya petroli ya kVA 2.5 hunywa kama lita moja kwa saa ikiwa na mzigo wa wastani. Ukiiwasha kwa muda wa saa tatu asubuhi na muda wa saa tatu jioni, dumu la lita 20 litakufikisha siku ya tatu. Kwa kugandisha, mtindo huo unatosha: friza iliyojaa na isiyofunguliwa-funguliwa huhifadhi baridi kwa karibu siku mbili, ilhali friji ya kawaida huanza kupoteza baridi baada ya saa nne hivi.

*Mzigo.* Hapa jenereta haina mshindani kwa pesa ile ile. Pampu ya kisima, mashine ya kuchomea vyuma, draya za saluni, vyote huvuta umeme mara kadhaa zaidi vinapoanza kuzunguka, na jenereta ya saizi sahihi huhimili mvuto huo.

*Pesa.* Kununua ni nafuu, kuendesha ni ghali. Lita moja ikitoa uniti mbili, na hapo jenereta iwe nzuri, basi petroli ikiwa shilingi 2,600 kwa lita inakupa uniti kwa shilingi 1,300. Uniti ya Luku kwa matumizi ya kawaida ni kama 356. EWURA hutangaza bei ya mafuta kila mwezi, fanya hesabu yako upya kwa bei ya mwezi huo.

*Utegemezi.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa, na watu wengi hawaufikirii. Pampu za sheli zenyewe zinaendeshwa na umeme. Sheli nyingi zina jenereta, lakini giza likiwa la mkoa mzima kila mtu ataelekea huko na dumu lake. Minara ya simu nayo hudumu kwa betri na mafuta yake. Ikizimika, huwezi kulipa kwa simu. Noti mfukoni zitakuwa na thamani kuliko salio.

*Tahadhari.* Jenereta huifaidi tahadhari kuliko njia nyingine zote. Siku moja inatosha kujaza madumu, kubadilisha oili na kuiwasha uone kama inaitika. Ile iliyokaa stoo mwaka mzima na petroli ya zamani mara nyingi haiwaki siku ya shida, maana mafuta yaliyochakaa hugandia kwenye kabureta.

*Hatari na kero.* Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha, hata mvua ikinyesha, ijengee kibanda. Kelele zake majirani wa nyumba za kupanga hawatazivumilia usiku wa tatu.

Kuna jambo moja nataka lisomwe taratibu. Jenereta iunganishwe kupitia swichi ya chenji ova, ile yenye mkono wa nafasi tatu: juu TANESCO, katikati imezimwa, chini jenereta. Mkono huo hauwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo kazi yake yote. Wapo wanaokwepa gharama hiyo kwa kutengeneza waya wenye plagi pande zote mbili na kuuchomeka kwenye soketi ya ukutani. Umeme wa jenereta hapo hurudi nyuma kupitia mita hadi kwenye transfoma ya mtaa, nayo huupandisha hadi kilovoti 11 au 33. Juu ya nguzo kuna fundi anayeamini laini imekufa. Hata siku ya dhoruba, hata kwa dakika kumi, usifanye hivyo.

Inveta yenye betri, inayochajiwa na gridi

*Muda.* Betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 200 ina uniti 2.4 kwenye karatasi. Ikiwa ni ya asidi, tumia nusu tu isife mapema, kwa hiyo ihesabu kuwa uniti 1.2. Taa za ndani, runinga, ruta ya intaneti na simu za familia, jumla wati 150 hivi, zitakwenda kwa muda wa saa nane. Betri ya lithiamu ya uniti 5 huruhusu kutumia zaidi ya nne, kwa hiyo friji na taa zitavuka siku moja na kidogo. Ikiisha imeisha: siku ya pili ya giza haina tena msaada.

*Mzigo.* Taa, runinga, kompyuta, friji. Kwa friji, inveta iwe ya wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa TANESCO, na iwe na nafasi ya kuhimili kompresa inapoanza; inveta ndogo ikizidiwa hupiga mlio na kuzima kila kompresa inapotaka kuamka. Pasi na jiko la umeme visiwemo kabisa.

*Pesa.* Bei ya kununua iko kati. Kuchaji ni kwa bei ya Luku, ukiongeza upotevu kidogo. Gharama halisi ni kubadilisha betri: za asidi zinazokamuliwa hadi mwisho huchoka ndani ya miaka michache, za lithiamu hudumu mara kadhaa zaidi.

*Utegemezi.* Inakitegemea kile kile kilichozimika. Ndiyo njia pekee kati ya tatu ambayo chanzo chake ni gridi, na kwa jaribio la siku kadhaa huo ni upungufu usiofichika.

*Tahadhari.* Jaza betri hadi juu, gandisha chupa za maji kwenye friza, chaji taa za mkononi. Hapo umemaliza.

*Hatari na kero.* Ni kimya, haina moshi, na mpangaji akihama anahama nayo. Betri za asidi zinazoongezwa maji hutoa gesi inayolipuka zikichajiwa, zisikae chumba cha kulala wala kabatini.

Kwa kukatika kwa saa mbili hadi tano, ambako ndiko kwa kila siku, hii ndiyo njia isiyo na usumbufu kuliko zote. Isidharauliwe kwa sababu tu inashindwa mtihani mgumu.

Sola yenye betri

*Muda.* Hujijaza kila siku, na ndiyo nguvu yake. Paneli nne za wati 550, zikipata saa nne za jua kamili na kupoteza robo njiani, hutoa uniti 6 na nusu kwa siku. Friji ndogo inahitaji uniti moja hadi moja na nusu. Kwa hesabu hiyo nyumba inaweza kuishi wiki nzima gridi ikiwa imezimika.

Lakini hesabu hiyo ni ya Januari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hulala juu ya Kibosho, Machame na Marangu, na upande wa Arusha juu ya Sakina na Ngaramtoni chini ya Meru, siku nyingine mlima hauonekani tangu asubuhi hadi jioni. Siku hizo paneli zinaweza kutoa nusu au theluthi. Tambarare za Boma Ng'ombe na kuelekea uwanja wa ndege wa KIA hupata jua zaidi. Fundi anayekupigia mahesabu akulinganishie na Julai ya kijiji chako, asichukue wastani wa Tanzania nzima. Akague na miti: kivuli cha mgrevilea mmoja kwenye paneli moja kinaweza kuvuta chini paneli zote zilizoungwa nayo kwenye mstari mmoja.

*Mzigo.* Unategemea ukubwa wa inveta. Pampu ndogo inawezekana ukiiendesha saa sita mchana jua likiwa utosini na betri zikiwa zimejaa. Mashine ya kuchomea vyuma ni habari nyingine, inahitaji mfumo mkubwa na wa bei.

*Pesa.* Siku ya kununua ndiyo ghali kuliko zote. Baada ya hapo hupunguza Luku kila mwezi, kwa hiyo ni njia pekee inayokulipa hata kama dhoruba haitakuja kamwe.

*Utegemezi.* Mdogo, ila kuna mtego. Mfumo wa sola uliounganishwa na gridi pasipo betri huzima wenyewe gridi ikizimika, kwa makusudi, ili kumlinda fundi wa kwenye nguzo. Unaweza kuwa na paneli kumi juu ya bati, jua linawaka, na ndani giza. Uliza swali hilo kwa maneno yaliyonyooka kabla ya kulipa: gridi ikikatika, hii inaendelea kufanya kazi? Hakikisha pia inveta ina skrini na vitufe vyake, maana ile inayoendeshwa kwa programu ya simu tu itakusumbua intaneti ikipotea.

*Tahadhari.* Ikiwa inveta ni haibridi, yaani inayoweza kuchaji betri kwa sola na kwa gridi pia, jaza betri kwa Luku kabla ya dhoruba badala ya kungoja jua, hasa msimu wa mawingu. Futa vumbi kwenye paneli.

*Hatari na kero.* Wezi, hasa kwenye nyumba zisizokaliwa. Umeme wa paneli hauzimiki mchana, mtu asiye fundi asifungue viunganishi vyake.

Maji na simu vibaki kwenye hesabu

Maji ya Moshi kwa sehemu kubwa hushuka yenyewe kutoka chemchemi za mlimani. Arusha hutegemea zaidi visima na pampu. Kwa hiyo familia ya Arusha isiyo na simtanki iliyojaa itaona uchungu wa giza refu mapema kuliko ya Moshi, na tanki la lita 2,000 linaweza kukusaidia zaidi kuliko betri ya pili. Vipimo vya GPS, pamoja na vile vya kwenye simu, huenda vikayumba hata gridi isipoguswa, kwa sababu dhoruba huvuruga tabaka la juu la anga ambamo mawimbi ya setilaiti hupita, na maeneo ya karibu na ikweta huguswa sana na hilo. Wapima ardhi na waendesha droni wasiamini vipimo vya siku hizo.

Kwa hali yako

Unapanga chumba au nyumba ndogo Kaloleni, Sakina au Majengo: inveta ndogo na betri ya lithiamu ya kubebeka, pamoja na paneli moja ya kuanika uani mchana kwa ajili ya simu na taa. Jenereta kwenye ua wa wapangaji sita italeta ugomvi kabla haijaleta mwanga.

Una nyumba yako Njiro, Soweto au Usa River na bajeti ya kupanda hatua kwa hatua: nunua inveta ya haibridi na betri kwanza, uichaji kwa gridi, paneli uongeze mwakani. Ukinunua inveta ya kawaida leo utaitupa siku utakapotaka sola. Mimi ningeanza hivyo.

Unauza nyama, samaki au maziwa: kinachoamua ni thamani ya mali iliyo ndani ya friza. Kwa friza moja, jenereta ndogo na dumu mbili za mafuta yanayozungushwa, usiyaache yazeeke, inatosha na ni nafuu. Friza tatu na zaidi, sola huanza kuleta maana kwa sababu Luku yako ya kila mwezi ni kubwa tayari.

Una karakana ya vyuma au mbao Unga Limited: jenereta, ya dizeli kama kazi ni ya kila siku. Ofisi yake na simu za wateja ziwe na inveta ndogo pembeni, usiwashe injini kubwa kwa ajili ya taa mbili.

Unaishi mlimani kwenye kihamba chenye migomba na miti mirefu: sola ya taa na simu itakufaa mwaka mzima, lakini usiipe friji peke yake mwezi wa Julai. Hapo jenereta ndogo inayowashwa saa chache inajaza pengo.

Una mgonjwa nyumbani, au unaendesha duka la dawa au zahanati: usitegemee chanzo kimoja. Insulini isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na friji ndogo ya dawa inaendeshwa vizuri na sola yenye betri, jenereta ikiwa nyuma yake. Mashine ya oksijeni ni mzigo wa aina nyingine: ikivuta wati 350 usiku na mchana inahitaji uniti zaidi ya 8 kwa siku, ambazo paneli nne haziwezi kutoa hata Januari. Mwenye mashine hiyo awe na jenereta iliyojaribiwa, betri ya kumvusha wakati wa kubadilisha chanzo, na mtungi wa oksijeni uliojaa. Azungumze na hospitali yake sasa, umeme ukiwapo na simu zikishika, wamweleze mtungi huo utadumu saa ngapi kwa kipimo chake, na nani wa kumpokea mtungi ukiisha.